Haragwe Moja la Ntirandekura

Kikapu cha Ntirandekura kilikuwa kisafi kuliko vyote pale kilimani, na hilo hakuna aliyelibishia. Miaka thelathini alipeleka kahawa kituoni kwenda kuoshwa, na miaka yote hiyo hawakuokota tunda bichi hata moja ndani ya kikapu chake. Kahawa ya jirani ikisifiwa watu huumwa roho, lakini hii waliisifu wenyewe, tena mbele yake. Ndiyo maana kituo kilimpa asimamie meza ya kuchagulia. Na ndiyo maana bintiye Kankindi, alipoomba kibarua mezani msimu ule, hakuulizwa swali. Mtoto wa Ntirandekura, utamuuliza nini?

Siku ya kwanza tu, jua halijawa kali, meneja akamwita mzee.

"Njoo uone kazi ya binti yako."

Kankindi alikuwa amesimama mbele ya rundo la matunda aliyoyapitisha, mikono imening'inia. Wanawake wa meza ile walijifanya wanachagua huku masikio yote yako kwake.

"Nusu yake mabichi," meneja alisema. "Nusu nzima, mzee. Angekuwa wa mtu mwingine ningesema ananichezea."

Ntirandekura akalitazama rundo. Hakuona kibaya chochote. Akaingiza mkono ndani kama mtu anayegeuzageuza, na hapo vidole vikamwambia: gumu, gumu, laini, gumu. Moyo ukampasuka paa.

"Ulikuwa umelala?" alimuuliza mtoto.

"Sikulala, baba. Nimechagua moja moja." Kankindi alikuwa na miaka kumi na tisa na hakuwa mtu wa kulialia, lakini alifuta jicho kwa mgongo wa mkono. "Mimi naona yote ni yaleyale. Wenzangu wanaonaje?"

Sababu alikuwa nayo yeye peke yake. Au alidhani anayo peke yake.

Maana Ntirandekura, bwana wa vikapu vyekundu, hajawahi kuuona wekundu tangu azaliwe. Kwake tunda lililoiva na jani lililolibeba ni rangi moja, kama udongo uliokauka. Alipokuwa mtoto baba yake alimchapa kwa kuchuma mabichi, akamchapa tena, akamwita mvivu na mkaidi, mpaka mama yake akamshika mkono akampeleka kilima cha pili, kwa kaka yake. Mjomba Ruvyogo hakumchapa. Alimfunga kitambaa machoni, akamsimamisha kwenye mti wa kahawa, akamwambia: "Macho yetu sisi ni ya kutembelea njiani, mpwa wangu. Kahawa tunachuma kwa vidole. Libonyeze. Likikubali, ni lako. Likikaza, liache lilale." Kwa msimu mmoja kijana akawa hodari kuliko wenye macho, kwa sababu mwenye macho huchuma kwa haraka na kudanganywa na kivuli, wakati kidole hakina kivuli. Mjomba akafa na siri yake. Ntirandekura akakua na ya kwake, akaoa, akapata wana wawili wa kiume, na kila mmoja alipofika umri wa kuchuma alimwangalia kwa hofu. Wote wawili waliona wekundu bila taabu. Akashusha pumzi, akaamini yameisha. Binti hakumwangalia kabisa.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alisema Kankindi alete karatasi ya daktari kwamba macho yake ni mazima, kisha arudi mezani. Bahati, au balaa, waganga wa macho kutoka mjini walikuwa wanakuja zahanati Alhamisi.

Alhamisi Ntirandekura akampeleka. Na nani wakamkuta kwenye foleni? Venansia, dada yake mkubwa, na mtoto wa jicho wake na kikapu chake cha maharagwe ya sokoni. Venansia alikuwa na jicho moja bovu, lakini mdomo ulikuwa mzima. Akasogea, akakaa nao, akaingia nao mpaka ndani, kama shangazi.

Muuguzi aliitwa Perpetue, msichana mwenye sauti ya upole. Alimfungulia Kankindi kitabu chenye kurasa za vidoadoa vya rangi na kumuuliza anaona namba gani. Kankindi akasema haoni namba, anaona vidoadoa. Ukurasa wa pili, vidoadoa. Wa tatu, vidoadoa. Kichwa kikazidi kuinama.

"Usiogope," Perpetue alimwambia. "Hujaumwa, wala hutapofuka. Umezaliwa hivyo, nyekundu na kijani kwako ni ndugu. Wanaume wako wengi. Wasichana ni wachache mno. Mimi ni miaka sita nafanya kazi hii, wewe ndiye wa kwanza."

"Kwa nini wasichana wachache?" Ntirandekura aliuliza, na hapo ndipo alipojichimbia shimo.

Perpetue akatazama kushoto na kulia, akakiona kikapu cha Venansia. "Mama, niazime maharagwe." Akaokota na punje ya mahindi iliyokuwa imeanguka dirishani, akapanga mezani.

"Tuseme kila mtu kazaliwa na mbegu mbili za kumfanya awe mwanamke au mwanamume. Mwanamke ana maharagwe mawili. Mwanamume ana haragwe moja na punje moja ya mahindi. Mama akizaa, anampa mtoto haragwe mojawapo, lolote. Baba naye anatoa moja. Akitoa haragwe, anazaliwa msichana. Akitoa hindi, mvulana. Tumeelewana?"

"Kwa hiyo mvulana haragwe lake ni la mama," Kankindi alisema.

"Daima. Baba hampi mwanawe wa kiume haragwe hata akitaka. Sasa, kuona rangi hizi kunakaa ndani ya haragwe, kwenye hindi hakumo." Akachukua haragwe lililotobolewa na mdudu. "Tuseme hili ni bovu. Mvulana akipewa hili na mama yake, hana lingine la kumsaidia. Haoni. Msichana akipewa hili, lile zima la upande wa pili linamsaidia, anaona vizuri, na maisha yake yote hajui kwamba kabeba bovu. Anakuja kumpa mwanawe."

Ntirandekura akarudi utotoni. Alimwona mama yake, anayeona rangi zote za dunia, akimshika mkono kumpeleka kwa kaka yake. Kwa nini alijua pa kumpeleka? Kwa nini mjomba na siyo baba mkubwa? Haragwe la yule mama lilikuwa limelaza siri tumboni mwake, na kaka yake kapewa lilelile na mama yao, na bibi naye kalitoa wapi? Muuguzi mchanga kama huyu anapanga maharagwe mezani na kumsomea ukoo wake wote, na hata jina lake halijui. Ntirandekura alitaka kupiga magoti.

"Na msichana asiyeona?" Venansia aliuliza.

"Huyo lazima apewe mabovu mawili. Moja la mama, na moja la baba. Na baba haragwe analo hilohilo moja." Perpetue akamgeukia Ntirandekura akitabasamu. "Kwa hiyo mzee na wewe huoni nyekundu. Ni lazima. Haiwezekani vinginevyo."

Venansia akacheka mpaka akashika kifua. "Huyu? Mwanangu, hujui unamsema nani. Huyu ndiye macho ya kilima kizima. Huyu anachagua kahawa ya tarafa nzima." Kisha kicheko kikakatika kama kamba. Akamtazama Kankindi, akayatazama maharagwe, akamtazama tena Kankindi.

Palikuwa na nafasi pale, nafasi ya neno moja tu. Ntirandekura alifungua mdomo, akaona meza ya kuchagulia, akaona fimbo. Maana Jumamosi ya wiki iliyofuata alikuwa anakwenda kuapishwa kuwa mushingantahe, mmoja wa wazee wa haki wa kilima wenye kushika fimbo, na ndizi za pombe zilikuwa zimeshafukiwa shimoni ziive. Mzee wa haki asiyewahi kusema uongo. Akafunga mdomo. Perpetue akaona amevuruga jambo na kukusanya maharagwe yake upesi, lakini alikuwa amechelewa.

Kabla ya jioni kilima kizima kilikuwa na habari, na habari ilikuwa imeshapata baba. Kwenye kilima kile alikuwapo Sabushimike, fundi baiskeli, anayejulikana hata na watoto wadogo kwamba hachumi kahawa kwa sababu huchuma mabichi. Na Sabushimike, zamani hizo, alikuwa amepeleka posa kwa kina Nibaruta, mama yake Kankindi, kabla Ntirandekura hajapeleka yake. Wakaunganisha wenyewe.

Venansia akaja mwenyewe mpaka uani kwa kaka yake, akamkuta Nibaruta anamenya ndizi.

"Wifi," alisema, "miaka ishirini na nne umekula ugali wa kaka yangu. Leo nakuuliza kwa adabu, yule msichana wa nani?"

Nibaruta aliacha kisu. Hakumtazama wifi yake, alimtazama mumewe, aliyekuwa amesimama mlangoni. Kisha akaokota kisu na kuendelea na ndizi zake.

"Unaona? Hajibu," Venansia alimwambia kaka yake.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo pananiuma. Nibaruta alijua. Alijua tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, mume alipomletea kitenge kutoka sokoni na kumsifia kwa wekundu wake, na kitenge ni kijani kibichi kama majani ya mgomba. Hakumcheka. Alikivaa, akasema asante, ni chekundu kweli, na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyemchagulia mashati, aliyemwambia nyanya ipi, aliyetembea upande wake wa kulia njiani ili amtajie rangi. Hawakulizungumza hata siku moja. Neno moja kutoka kwake lingemfunga wifi mdomo na kumsafisha mbele ya kilima. Lakini siri ilikuwa ya mume, na yeye akaona mwenyewe aitoe.

Mume hakuitoa. Siku ya kwanza hakuitoa, wala ya pili. Kisimani wanawake walimpisha Nibaruta njia kama mwenye ugonjwa. Sabushimike alivunjiwa duka lake la baiskeli na vijana aliokuwa akiwaazima pampu. Kankindi aliacha kula. Siku ya tano alimwendea baba yake nyuma ya nyumba.

"Baba, mimi ni wako?"

Ntirandekura alikuwa amekaa kwenye mkeka na konzi ya maharagwe mbele yake. Alikuwa akiyapanga tangu asubuhi. Hili mama yake, hili mjomba, hili yeye. Kisha upande wa pili, wa Nibaruta, alipoanza kuupanga, mkono ulikuwa umesimama hewani. Haragwe la pili la Kankindi limetoka kwa mama yake. Na mama yake, nani alimpa? Akamkumbuka baba mkwe, mzee mfugaji, ambaye kila mtu alimsifu kwa nyimbo zake za ng'ombe. Alisifu pembe, alisifu mwendo, alisifu sauti. Rangi hakuisifu hata mara moja. Watu walidhani ni ufundi wa maneno. Ntirandekura alikuwa ameketi naye kwenye chungu kimoja cha pombe, mirija yao ikigusana, miaka kumi, wanaume wawili wenye siri moja, na hakuna aliyemjua mwenzake. Na zile siri mbili zilikuwa zinatembea kimya kimya, moja kwa huyu, moja kwa binti wa yule, mpaka zikakutana kwa mtoto huyu aliyesimama mbele yake anamuuliza kama ni wake. Watu wa kilima walitaka ushahidi, na ushahidi ulikuwa macho yake mwenyewe mtoto. Hakuna msichana aliyewahi kuwa wa baba yake kuliko huyu. Alishangaa, na aliona aibu vilevile.

"Kaa chini," alisema. Kankindi akakaa. Baba akampa haragwe moja lililotobolewa, akamfunga vidole juu yake, akainuka akaenda shambani.

Jumamosi walikuja wote. Bashingantahe, wazee wa haki wote, walikaa kwenye nyasi mbele ya nyumba, fimbo zao mapajani. Vyungu vilikuwa katikati. Ntirandekura alisimama na mkewe kando yake, kama desturi inavyotaka, maana mke naye anaapa. Kankindi alisimama nyuma, na pale ukingoni, peke yake, yuko Sabushimike.

Mzee Barampama, mkubwa wao, alipiga fimbo chini. "Huyu mnamjua. Mmekula naye, mmelima naye. Yupo mwenye neno juu yake? Alitoe sasa, au alimeze moja kwa moja."

Venansia akajikohoza, akaanza kuinuka.

"Yupo," Ntirandekura alisema. "Mimi."

Watu wakatazamana. Barampama akasema, "Mtu hajishitaki siku ya kuapishwa kwake."

"Leo anajishitaki. Niletewe kahawa, mbichi na mbivu, zichanganywe."

Kijana akaenda, akarudi na ungo. Ntirandekura akauweka chini, akakunja mikono nyuma ya mgongo. "Mzee, chukua kijiti. Gusa tunda lolote, nikuambie ni bivu au bichi. Mimi siligusi."

Barampama akagusa. "Bivu," Ntirandekura alisema. Lilikuwa bichi. Akagusa jingine. "Bichi." Lilikuwa jekundu kama damu ya kuku. Mara ya tatu, ya nne, anakosa, anapata, anakosa. Mtu akaguna akidhani ni mzaha. Mara ya kumi hakuguna mtu.

Kisha akavua shati la juu, akalifunga machoni mwake, akapiga magoti mbele ya ungo. Vidole vikaanza. Tunda likabonyezwa, likatupwa kushoto. Tunda likabonyezwa, kulia. Alikwenda haraka kama mvua inavyoanza, na kilima kizima kikasikia tu kishindo kidogo cha matunda yanayoanguka, mpaka ungo ukabaki mtupu. Kulia palikuwa na rundo jekundu. Kushoto rundo la kijani. Watu wakasogea, wakainama, wakatafuta kosa. Hakukuwa na kosa.

"Sijawahi kuona nyekundu," alisema, macho bado yamefungwa. "Mama yangu alinizaa hivi, na kaka yake alikuwa hivi. Binti yangu ni hivi kwa sababu ni binti yangu. Baba yake lazima awe hivi, na baba yake ni mimi. Dada, yule muuguzi alisema kweli tupu, na wewe ulicheka, na mimi nikakuacha ucheke. Sabushimike, nisamehe duka lako. Nililinda jina langu kwa jina la mke wangu."

Venansia alikuwa amekaa, amejifunika uso kwa kitenge.

Barampama alimgeukia Nibaruta. "Mama, wewe una neno juu ya mumeo?"

"Ninalo," Nibaruta alisema. "Siku tisa."

Wazee wakahesabu tangu ile Alhamisi ya zahanati, wala hawakuhitaji maelezo. Wakainuka wakaenda pembeni kushauriana, wakakaa huko mpaka vivuli vikahama. Waliporudi, Barampama alisema hawatamwapisha mwaka huu. Walitaka wamwone msimu mmoja zaidi, mtu ambaye wamemjua leo. Pombe ikanywewa hata hivyo, kwa sababu imeshaiva, na Sabushimike alipewa mrija wa kwanza.

Jumatatu Ntirandekura aliingia shambani na Kankindi. Alileta kitambaa cha kumfunga machoni, kama mjomba alivyomfanyia, lakini mtoto akamshika mkono.

"Kwanza niambie, baba. Hili tunda na hili jani, unayaona vipi?"

"Rangi moja."

"Kama udongo?"

"Kama udongo uliokauka."

"Na anga?"

"Anga naliona vizuri. Buluu."

"Na mimi," Kankindi alisema. "Na mimi naliona." Akaubana mkono wa baba yake. "Nilidhani niko peke yangu."

Ntirandekura akasimama na kitambaa mkononi. Tangu mjomba Ruvyogo azikwe, miaka ishirini na saba, alikuwa akiishi kwenye dunia ambayo hakuna mtu mwingine anayeiona, na kumbe kwa miaka kumi na tisa alikuwa na mwenzake humohumo ndani, anakula naye sahani moja. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Nyuma yao majani yakatikisika. Nibaruta alikuwa amekuja na chungu cha maharagwe kichwani. Tangu Alhamisi ile hakuwa amemsemesha mumewe zaidi ya lazima. Alisimama akawatazama, mmoja baada ya mwingine, kisha akashusha chungu na kunyoosha kitenge chake, kile alichonunuliwa mwaka wa kwanza wa ndoa, sasa kimechakaa.

"Nyinyi wawili," alisema. "Nimevaa rangi gani?"

Baba na binti wakakitazama kitenge kwa makini.

"Kahawia," wakasema pamoja.

Nibaruta akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani, na Ntirandekura, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na nne, akamuuliza mkewe ni rangi gani kweli.